Mdogo wangu anaacha kazi benki Tanga akawe dila wa kasino Dar. Tumshike au tumwache?

#1 Kaka Mkubwa wa Chumbageni

Wakuu, salaam.

Nina mdogo wangu wa tumbo moja, miaka 31. Kasoma uhasibu, na huu ni mwaka wa sita yuko benki moja hapa Tanga mjini, afisa mikopo. Ana tai, ana kadi ya bima, ana pikipiki ya ofisi. Mtaani wanamwita Meneja, ingawa si meneja.

Jumapili iliyopita kaja kwangu, kala. Kabla ya kunyanyuka mezani akapiga kofi moja dogo, akageuza viganja juu na chini, kama mtoto anayemwonyesha mama yake kwamba hajachukua sukari. Nikamuuliza ndiyo nini hicho. Akacheka, akasema mazoea. Mazoea ya nini? Ndipo akanitolea: tangu mwezi wa sita, kila Ijumaa jioni anapanda basi la Dar kwenda kujifunza kugawa karata na kuzungusha gurudumu la kasino. Sasa wamempa nafasi. Barua ya kuacha kazi kaishaandika, notisi ya siku 28, bado kuipeleka tu.

Zamu yenyewe ni saa 2 usiku hadi saa 10 alfajiri. Mshahara ni kama nusu ya anaopata sasa, halafu kuna tipu ambazo hazina kipimo.

Nilipombana kwa nini, alijibu neno moja: "Kaka, nataka kazi inayoisha." Tangu siku hiyo nalizungusha kichwani sijalielewa.

Naomba mnisaidie. Huyu kachoka, kalogwa, ana deni, au ana akili kutuzidi? Mama hajui lolote. Matusi pembeni.

#2 Pweza Mkavu

Navuta kigoda nakaa hapa mbele. Kahawa na kashata nimekuja nazo.

#3 Mzee wa Mkeka

Mkuu usizunguke mbuyu. Kamari hiyo. Alianza na mkeka wa elfu moja, mkeka ukachanika, akahamia mashine za dubwi, sasa kaona bora akae karibu na chungu chenyewe. Kagua miamala ya simu yake, utakuja hapa kunishukuru.

#4 Binti Makorora

Au kafanya yake huko benki na wakaguzi wako njiani. Nimesema tu jamani, msinirushie mawe.

#5 Kaka Mkubwa wa Chumbageni

@Binti Makorora, dada yangu, hata mimi liliniijia. Lakini ukaguzi ulipita mwezi wa tatu, akatoka msafi. @Mzee wa Mkeka, huyu kijana hata kuwekeana soda kwenye bao hataki. Nimemjua tangu anatambaa.

#6 Zamu ya Usiku

Mkuu, hicho kitendo cha viganja kimenirudisha mbali. Nitaandika kirefu, maana mimi ndiye huyo mdogo wako, nimemtangulia tu.

Nilikuwa makao makuu ya kampuni moja ya simu, Dar, ghorofa ya saba, kitengo cha takwimu za masoko. Miaka mitano. Kiyoyozi, kiti cha kuzunguka, chai ya bure. Mwaka wa tano nikajikuta nashtuka saa 9 usiku kutazama kama bosi kaandika kitu kwenye kundi la WhatsApp. Na kweli huwa kaandika. Nikaacha, nikaenda kasino. Nimekuwa dila miaka saba, minne Dar na mitatu kwenye meli za watalii. Leo niko Pangani nauza saruji na nondo.

Usaili wao hauanzi na vyeti. Walinitazama mikono, wakanipima kama natofautisha rangi, na kabla sijakaa nikaulizwa 17 mara 8. Nikasema 136, nikaambiwa rudi Jumatatu. Kwenye ruleti, yaani mchezo wa lile gurudumu, namba yenyewe ikiingia inalipa 35 kwa 1. Chipu ikiwekwa mpakani mwa namba mbili inalipa 17, mstari wa namba tatu 11, kona ya namba nne 8, mistari miwili yaani namba sita 5. Dila hana kikokotoo. Mteja anaweza kuizungushia namba yake chipu ishirini za kila mtindo, na wewe una sekunde chache kujumlisha huku jirani yake anakutukana. Nimeona watu wa digrii wanaanguka hapo, na kijana wa kidato cha nne aliyekuwa konda anapita kama maji, kwa sababu konda kazoea kurudisha chenji kaning'inia mlangoni.

Baada ya hesabu vinakuja vidole. Unakata chipu ishirini tano tano kwa kupapasa, macho yako kwa wateja. Wiki ya kwanza nilikuwa hata chai siwezi kukoroga.

Viganja sasa. Kila ukiondoka mezani, ukijikuna, ukitoa leso, lazima kamera ya juu ione mikono mitupu. Suruali haina mifuko, au ipo imeshonwa. Ukikosea kulipa husogezi chipu kimyakimya, unamwita inspekta, yaani msimamizi wa meza, anatazama, anaamua. Mwanzoni unajiona kama mwizi. Baadaye unagundua ndiyo kinga yako: kosa likitokea kuna picha, hakuna cha "nilisikia ulisema kwenye kikao".

Na "kazi inayoisha" mimi naielewa vizuri. Saa 10 alfajiri mwenzako anakugusa bega, unamaliza mzunguko, unaonyesha viganja, unatoka. Meza inabaki palepale. Hakuna barua pepe ya ruleti. Hakuna atakayekupigia Jumapili kuuliza namba 17 imefikia wapi.

Ubaya wake nitauleta baadaye, mteja kaja kuchukua nondo.

#7 Kijana wa Chongoleani

Chipu ndiyo nini tena? Chipsi mayai? Maana kama analipwa kwa hizo namwunga mkono.

#8 Pweza Mkavu

@Kijana wa Chongoleani, ni vile vidude vinavyowekwa mezani badala ya pesa. Ila za kwako, kavu au na kachumbari?

#9 Baiskeli ya Mzee

Mimi sikubaliani na huo utamu wa #6. Kasino ni wizi uliovaa suti. Lile gurudumu lina namba 36, wanalipa 36, sasa faida wanapata wapi kama si kubonyeza kitufe chini ya meza? Mdogo wako anaenda kuajiriwa na majambazi.

#10 Mwalimu wa Hisabati Muheza

@Baiskeli ya Mzee, hapana. Namba ni 37, kuna 1 hadi 36 na kuna sifuri. Inalipwa 35 kwa 1, unarudishiwa na ile uliyoweka. Gurudumu likiwa na mashimo 37 na wewe ukarudishiwa jumla ya 36, hiyo moja inayobaki ndiyo ya nyumba, yaani kasino yenyewe. 1 gawa kwa 37, asilimia 2.70. Yaani kila elfu kumi inayowekwa mezani, kwa wastani wa muda mrefu shilingi 270 zinabaki. Gurudumu la Kimarekani lina sifuri mbili, mashimo 38, malipo yaleyale, hapo nyumba inakula asilimia 5.26. Kitufe hakihitajiki kabisa. Hesabu inafanya kazi usiku kucha, na hailipwi posho.

Kinachowaua watu ni kudhani gurudumu lina kumbukumbu. Monte Carlo mwaka 1913 mpira uliangukia nyeusi mara 26 mfululizo, na watu waliendelea kumimina pesa kwenye nyekundu wakisema "sasa zamu yake". Gurudumu halijui zamu.

Kwa faida ya wapenda mambo: jumlisha namba zote za gurudumu, 1 hadi 36. Utapata 666.

#11 Mzee wa Mkeka

666! Nilisema mimi.

#12 Ustadh wa Mtandaoni

Asalaam aleikum. Ndugu zangu, mnahesabu mashimo ya gurudumu na kuacha shimo lenyewe. Suratul Maida aya ya 90 imeitaja kamari pamoja na pombe, na amri ni moja: iepukeni. Huyu kijana wa Kitanga, amekulia madrasa, anataka riziki itoke hapo? Atamjengea mama yake nyumba kwa pesa hiyo? Kaka mtu, wewe ndiye mkubwa, simama.

#13 Binti Makorora

Ustadh kwa heshima zote, na sasa hivi anakula wapi? Benki, afisa mikopo, si anaandika riba kutwa nzima? Nami madrasa nimesoma: amelaaniwa mla riba, mlishaji, mwandishi wake na mashahidi wake wawili. Miaka sita huyo mwandishi anavaa tai hapa mjini na watu wanamwita Meneja, hakuna aliyemwambia simama.

#14 Ustadh wa Mtandaoni

@Binti Makorora, umesema kweli, wala sikatai. Ila mtu hatoki kwenye tope akaenda kunawa kwenye tope. Kuna mabenki yasiyotoza riba, kuna biashara, kuna bahari.

#15 Kijana wa Chongoleani

Bahari, shekhe? Umeshawahi kulala na ngalawa usiku mzima ukarudi na pweza wawili? Hiyo nayo ni kasino, ila haina kiyoyozi.

#16 Pweza Mkavu

Naomba jina langu lisitajwe kwa mizaha.

#17 Zamu ya Usiku

Nimerudi. Ubaya sasa.

Mteja akipoteza, ni wewe umemwua. Akishinda, ni akili zake. Kuna waliokuwa wakiomba nibadilishwe eti nina mkosi. Nimemwagiwa kinywaji usoni, nikafuta, nikaonyesha viganja, nikaendelea, kwa sababu mzunguko ulikuwa haujaisha. Ukirudisha tusi umejifukuzisha mwenyewe.

Tipu hazikai mfukoni, nimeshasema mifuko haipo. Zinaingia kwenye sanduku, zinagawanwa. Kuna mwezi zilizidi mshahara wangu, na mwezi uliofuata hazikutosha vocha. Mtu wa benki aliyezoea tarehe 25 ataumia hapo. Na usiku wa kuamkia Idi, Krismasi, mwaka mpya, ndio wenye wateja. Nimekosa harusi za dada zangu wawili. Msiba wa mjomba nilifika watu wameshakula arobaini.

Ila ninaloliona gumu kuliko yote ni kufahamiana. Yupo mzee mmoja alikuwa akija kila Jumatano, ananiita mwanangu, ananiulizia afya. Nimemwona akiuza gari kwa vituo: kwanza alikuja nalo, halafu akaja na teksi, halafu bodaboda. Mimi kazi yangu ni kusema "wekeni" na "basi, msiweke tena". Hakuna mahali pa kusema "mzee, nenda nyumbani". Melini lilinikaa vizuri zaidi kwa sababu abiria anashuka humwoni tena. Huko kasino inafungwa meli ikiwa bandarini, mchana unashuka kutembea mji wa watu.

Haya, kwa wanaojiona wakali. Namba imeingia. Mteja ana chipu 3 kwenye namba yenyewe, 4 za mpakani, 2 za kona. Lipeni. Msitumie simu.

#18 Pweza Mkavu

187. Sekunde tisa. Niajirini.

#19 Kijana wa Chongoleani

Pweza kumbe kichwa. Hongera mkuu.

#20 Nesi Bila Usingizi

Miaka 11 napiga zamu za usiku wodini, kwa hiyo sitasema "asiende", maana nitaonekana kichekesho. Nitasema ajue anachokinunua. Mwaka 2007 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, IARC, waliiweka kazi ya zamu za usiku kwenye kundi la 2A, mambo ambayo huenda yanasababisha saratani kwa binadamu. Wakapitia tena 2019, wakaiacha palepale. Mwili una saa yake, haijali umelala saa ngapi mchana.

Kwa vitendo: pazia zito jeusi, simu izimwe, na asile ubwabwa saa 9 usiku. Mimi kilo 14 nilizipata kwa ubwabwa wa saa 9.

#21 Baiskeli ya Mzee

Saratani! Mnamsikia? Bora benki.

#22 Nesi Bila Usingizi

@Baiskeli ya Mzee, soma taratibu. "Huenda." Nyama nyekundu nayo imo kundi hilohilo la 2A. Mishikaki ya jioni umeacha?

#23 Baiskeli ya Mzee

Mishikaki tuiache nje ya mjadala.

#24 Karani wa Baraza

Kuna mtu kanitumia ujumbe pembeni kwamba kazi ya usiku kisheria inalipwa mara mbili. Si kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu usiku kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kwa kila saa ya usiku mwajiri anaongeza angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Tano, si hamsini. Mara mbili ni ya siku ya mapumziko ya wiki na sikukuu. Saa za ziada ni moja na nusu. Kwa hiyo zamu ya saa 2 hadi saa 10 yote ni usiku, dakika kwa dakika. Aombe mkataba wa maandishi na aangalie kama hiyo asilimia 5 imeonyeshwa au imemezwa ndani ya "mshahara na marupurupu".

La pili, akiacha mwenyewe hakuna kiinua mgongo. Na kama ana mkopo wa wafanyakazi wa benki, asome ile karatasi. Mikopo mingi ya namna hiyo riba yake nafuu inakufa siku unapotoka, unageuka mteja kama wengine. Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu itamfuata hukohuko kasino na asilimia 15 yake.

#25 Kaka Mkubwa wa Chumbageni

@Karani wa Baraza, shukrani. Mkopo wa benki alimaliza mwezi wa tano. Nilidhani kaamua kubana matumizi. Kumbe.

#26 Mzee wa Mkeka

Mwezi wa tano kamaliza deni, mwezi wa sita kaanza mafunzo. Huyo si mchovu, huyo kapanga. Nafuta dhana ya kamari, naweka ya mwanamke. Kuna binti Dar.

#27 Mke wa Dila

Nimesoma kimya kimya tangu jana. Mume wangu ni dila mwaka wa tisa. Kabla ya hapo alikuwa mhasibu wa kampuni ya usafirishaji.

Mchana nyumba yangu ni kama ina mgonjwa. Watoto wanaongea kwa kunong'ona, jirani akitwanga namwendea kwa magoti. Usiku nalala na mlango nimeuwekea kiti. Hayo yapo. Lakini saa 12 asubuhi yeye ndiye anayewapeleka watoto shule, kila siku, kabla hajalala. Anawajua walimu wote. Alipokuwa mhasibu walimwona kwa picha.

Tatizo langu mimi ni ndugu. Kwenye vikao vya ukoo akiulizwa kazi, mama mkwe anawahi kujibu, "Yuko hotelini." Mwaka wa tisa yuko hotelini.

#28 Ustadh wa Mtandaoni

Dada yangu, Allah awafungulie mlango mwingine wa heri. Nimesema kwa upendo.

#29 Mke wa Dila

Amin. Ukiuona mlango huo una mshahara, nitumie namba.

#30 Upande wa Pili wa Meza

Nami niseme, maana nyote mnaongea mkiwa upande wa dila.

Nilikuwa na duka la vipuri Ngamiani. Nikienda Dar kufuata mzigo, nalala usiku mmoja. Usiku mmoja ukawa miwili. Sitaeleza yote. Duka halipo.

Nilichotaka kusema ni juu ya yule dila. Kijana mpole, shati limenyooka, ananilipa sawasawa nikishinda, anachukua sawasawa nikipoteza, sura ileile. Miaka miwili nimekuwa nikimtafutia kosa. Nilitamani kweli awe na kitufe anachokisema @Baiskeli ya Mzee. Hakuniibia hata mia. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo: hakuniibia.

Mdogo wako akienda, ajiandae kuwa yule kijana kwa mtu fulani.

#31 Binti Makorora

Pole sana kaka. Umeniondolea utani.

#32 Mgosi wa Korogwe

Jamani mnashangaa zamu kama vile Tanga haikuzijua. Baba yangu alikuwa kiwanda cha mbolea, zamu tatu, honi ikilia mtaa mzima unajua nani anatoka nani anaingia. Kuna chuma, kuna sabuni, kuna bandari, kuna mashamba ya mkonge ambako mashine zilinguruma. Watu wa mji huu walijenga nyumba za Ngamiani kwa pesa za zamu. Baba akirudi saa 12 asubuhi alikuwa anavua viatu, ananawa, na hapo ni mtu huru: anacheza bao, anakwenda Mkwakwani kutazama Coastal. Hakuna msimamizi aliyemfuata nyumbani. Leo kijana akisema anataka kazi inayoisha tunamwita kichaa. Babu zetu wote walikuwa na kazi inayoisha.

#33 Kijana wa Chongoleani

Mgosi umeitaja Coastal nimekumbuka 1988 tulipochukua ubingwa wa Bara. Sikuwa nimezaliwa lakini nimekumbuka.

#34 Mwalimu wa Hisabati Muheza

@Mgosi wa Korogwe, mfano mzuri, ila mbolea inaenda shambani, mahindi yanatoka. Kasino inatoa nini? Ndilo swali la #30. Baba yako hakurudi nyumbani akiwaza aliyenunua ule mfuko.

#35 Mgosi wa Korogwe

Na afisa mikopo anatoa nini, Mwalimu? Vijijini kwetu wanaita kausha damu.

#36 Mwalimu wa Hisabati Muheza

Mikopo ya kausha damu si ya benki, tusichanganye. Riba zake ni za kila siku au wiki. Benki ina taratibu.

#37 Kaka Mkubwa wa Chumbageni

Wakuu, maneno ya Mgosi na Mwalimu yamenikumbusha kitu ambacho sikukiandika mwanzoni, nadhani niliona aibu.

Mwezi wa nane mdogo wangu alikuja kwangu usiku, hakula. Kumbe siku hiyo alifuatana na dalali kwenda Mikanjuni kuchukua mali ya mteja aliyeshindwa kulipa. Mteja mwenyewe ni mama mmoja muuza vitumbua. Sisi tumekula vitumbua vyake tangu darasa la pili, tukikosa hela anatupa, anasema mtaleta kesho. Mdogo wangu ndiye aliyempa ule mkopo. Ndiye aliyemshauri auongeze mara ya pili, kwa sababu mwezi ule targeti ilikuwa haijatimia. Mkopo ukawa chechefu, jina lake likawa linasomwa kwenye kikao kila asubuhi saa moja na nusu.

Wakachukua friji, jiko la gesi la plati nne na televisheni. Dalali anapakia, yule mama anamwuliza mdogo wangu, "Mwanangu, umekunywa chai?"

Hakunisimulia kwa kulia wala nini. Alinisimulia kama mtu anayesoma risiti.

#38 Nesi Bila Usingizi

Basi si hapo. Umejibiwa mkuu. Uzi ufungwe.

#39 Binti Makorora

Namwondolea dhana ya wizi rasmi. Huyo moyo umemshinda. Kasino angalau mteja anakuja kwa miguu yake, hakuna targeti ya kumfuata nyumbani kwake.

#40 Upande wa Pili wa Meza

@Binti Makorora, miguu yangu ilikuwa yangu? Sina uhakika.

#41 Karani wa Baraza

Samahani, mimi ni mtu wa tarehe. #1 imesema mafunzo yalianza mwezi wa sita. #37 inasema vitumbua ni mwezi wa nane. Kwa hiyo alikuwa ameshaanza kwenda Dar miezi miwili kabla ya friji kuchukuliwa.

#42 Kaka Mkubwa wa Chumbageni

@Karani wa Baraza, nimehesabu kwenye vidole. Ni kweli. Sasa sijui tena.

#43 Mzee wa Mkeka

Binti wa Dar. Nasimama hapohapo.

#44 Zamu ya Usiku

Mimi nitasema jambo moja ambalo hata mke wangu sijamwambia. Nilidanganya kidogo pale #6. Sikuacha kazi ya simu kwa sababu ya WhatsApp tu. Nilipenda. Usiku wa kwanza kuona dila aliyeiva anatandaza karata upinde mmoja mezani, zote zimepishana sawasawa, nilisimama pale kama nimemwona mtu anasuka mkeka wa ukindu bila kutazama chini. Miaka mitano ofisini sikuwa nimefanya kwa mikono yangu kitu hata kimoja kizuri. Inawezekana kijana naye kapenda tu, halafu anatafuta sababu za kuwapa wakubwa.

#45 Ustadh wa Mtandaoni

Kupenda si hoja mbele ya Mola. Lakini nimeelewa.

#46 Kijana wa Chongoleani

Kwani dila anaruhusiwa kucheza akiwa hayuko zamu?

#47 Zamu ya Usiku

Kwenye nyumba anayofanyia kazi, marufuku. Si dila tu: Monaco wenyewe, wenye kasino ya Monte Carlo, raia wao hawaruhusiwi kucheza kwenye kasino za nchi yao. Mpishi anajua kilichomo.

#48 Kaka Mkubwa wa Chumbageni

Mrejesho, wakuu.

Jana jioni nilimpa simu asome uzi mzima. Alijilaza kwenye mkeka barazani, kasoma kwa saa nzima, mara anatabasamu, mara anarudi juu. Penye #30 alikaa muda mrefu. Nikasubiri. Alipomaliza alinirudishia simu akasema, "Pweza kakosea. Tatu mara 35 ni 105, nne mara 17 ni 68, mbili mara 8 ni 16. Jumla 189."

Nikamwambia, watu wamekuchambua kuanzia damu mpaka dini, wewe umeona hiyo tu? Akasema, "Hiyo ndiyo niliyokuwa na jibu lake."

Barua kaipeleka leo asubuhi.

#49 Zamu ya Usiku

189. Anafaa.

#50 Pweza Mkavu

Nilikuwa natumia simu ndogo. Kigoda nimekirudisha.

#51 Mke wa Dila

Na mama mmemwambia nini?

#52 Kaka Mkubwa wa Chumbageni

Tumemwambia kahamishiwa Dar, makao makuu. Kafurahi, kaanza kumkaangia sambusa za safari. Halafu akaniita jikoni pembeni akaniuliza huko makao makuu mtu akitoka kazini saa 10 alfajiri anapata wapi chai.

Mimi saa sikumtajia.